Inawezekana ni Ngolo, Inawezekana Si Ngolo

Nitaanza kwa kutenganisha. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na katika kazi hiyo shahidi haulizwi kwanza anajua nini, bali amejuaje. Aliyeona husimama upande mmoja. Aliyeambiwa hushukuriwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Basi msomaji aelewe mapema: vita vya Msumbiji sikuviona. Niliona ukingo wake tu, pale ulipogusa mwambao wetu wa Ziwa Nyasa katika miaka ile tuliyoiita ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Niliona watu wakishuka mitumbwini mikono mitupu. Niliona asubuhi moja ya risasi. Nilimwona mtu mmoja akichora watu, na nikaona alivyochukuliwa. Ama nani aliwatuma wale waliotushambulia, walipewa silaha na nani, na walikusudia nini, hayo nimeyasikia kwa namna nyingi zinazopingana, na sitayaandika.

Ninaandika kwa hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Mwaka jana, katika msiba mmoja mjini Mbinga, nilimkuta kijana wa bodaboda akiwasimulia wenzake habari za jasusi wa zamani wa kule ziwani, ambaye akikuchora leo, kesho unakufa. Alisimulia vizuri, kwa sauti na kwa mikono, na wenzake wakasisimka. Nilimwuliza amejuaje. Akainuka, akaniamkia shikamoo, kisha akanijibu kwa adabu kabisa: "Babu, hilo kila mtu analijua." Jibu hilo nililisikia mara nyingi mahakamani, na sikuwahi kulipokea.

Mtu huyo hakuwa jasusi. Aliitwa Agostino, na nilimfahamu.

Siku ninayoikumbuka kabla ya balaa ilikuwa siku ya kawaida, huku kwetu Mbuji, milimani kwa Wamatengo, mvua zikiwa zimelainisha udongo na kila ukoo ukiwa shambani kuchimba ngolo. Kwa asiyezijua: wanaume hufyeka majani na kuyalaza juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, mpaka kilima kizima kinaonekana kama kimetandikwa wavu. Kisha wanawake huingia na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Hubaki mashimo, kila moja na kingo zake nne, na maji ya mvua hutulia humo badala ya kuteremka na shamba. Mmatengo hahitaji kufundishwa jambo hili. Huliona kabla hajajua kusema.

Nilikuwa nimepanda kutoka ziwani kuja kumsalimu dada yangu Anastasia, na nilikuwa nimeandamana na Agostino kwa kuwa aliniomba aone milima. Aliketi juu ya kisiki, daftari lisilo na mistari likiwa gotini. Shingoni alining'iniza kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya macho, sasa kikiwa na wino mweusi. Maduka ya Mbinga siku hizo yalikuwa yameanza kujaa kila kitu, na kalamu za bairo ziliuzwa hadi vibandani, lakini yeye alishikilia kalamu yake ya kuchovya. Alichora upesi sana. Mtu alikuwa hajamaliza kunyoosha mgongo, naye amekwisha kumweka karatasini: mistari michache, mkunjo wa goti, kanga ilivyokazwa kiunoni, basi. Ungemtambua mtu huyo hata angekuwa amekupa kisogo.

Na kisogo ndicho alichokuwa amepewa na dada yangu. Anastasia alisimama, akaja kutazama, akaniambia kwa Kiswahili ili mgeni asikie:

"Kaka, huyu mgeni wako amenichora mgongo tu. Uso wangu una kasoro gani?"

"Uso wako haujatulia tangu asubuhi, dada," alisema Agostino. "Mgongo umetulia."

"Basi tia na jembe hapo. Wasije wakasema nimeinama natafuta sindano."

Wanawake wote mteremkoni wakacheka. Agostino akatia jembe, na kwa kuwa wino ulikuwa umebaki kwenye kalamu, akatia pia mashimo nyuma yake, safu juu ya safu, mpaka juu ya kilima. Nilisimama karibu yake wakati wote huo. Karatasi ile niliiona ikizaliwa, na ninaomba msomaji aikumbuke.

Sasa niseme alivyotufikia. Alikuwa ametoka ng'ambo, upande wa Msumbiji, kwenye kijiji cha wavuvi ambako watu husema Kinyasa kama wanavyosema wa upande wetu. Kuchora alifundishwa utotoni na padre mmoja mzee aliyetaka amchoree mimea. Yeye akawa anachora watu waliobeba mimea. Siku kijiji chao kilipochomwa, mke wake Rozalina alikuwa shambani na yeye alikuwa ufukweni. Kila mmoja alikimbilia upande wake. Haya sikuyaona; aliniambia yeye, ambaye aliyaona, na ninayaweka hapa kwa sharti hilo.

Alishuka karibu na mahakama yangu akiwa na daftari, kalamu na kichupa. Tangu siku ile, kila mtumbwi ulipofika na wakimbizi aliwachora wote, mmoja mmoja, kisha akawauliza habari za Rozalina. Hakuna aliyekuwa na jibu. Lakini zile karatasi zilifanya kazi ambayo hakuitarajia. Hapakuwa na mtu mwenye kamera, na waliovuka walitawanyika kila mahali. Wenye mitumbwi walianza kuchukua karatasi zake hadi Lipingo na vijiji vingine vya mwambao, wakazionyesha sokoni: nani anamjua huyu? Nilishuhudia mzee mmoja akija kwa miguu kuwachukua binti zake wawili, akiwa ameishika karatasi yao kifuani kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai.

Nilimwuliza Agostino kwa nini hakumchora mkewe, naye apitishwe sokoni kama wengine.

"Sichori nisichokiona, Mheshimiwa," alisema. "Nikimchora kwa kukumbuka, nitachora ninavyomtamani. Watu watamtafuta mwanamke ambaye hayupo."

Nilimheshimu kwa neno hilo kuliko kwa michoro yake. Nimewaapisha watu wengi, wenye elimu na wasio nayo, na wachache sana walijua tofauti hiyo.

Baada ya kurudi kutoka Mbuji nilipaswa kwenda kusikiliza shauri katika kijiji kimoja cha kusini, karibu na mpaka. Kijiji sitakitaja, maana watoto wa wahusika wangali wanaishi humo. Lilikuwa shauri la mpaka wa shamba la mihogo. Ndugu wawili walikuwa wakigombania kipande ambacho mbuzi angekimaliza kabla ya adhuhuri. Nilifuatana na mzee wa baraza, Mzee Hyera, mtu mfupi, mkimya, mwenye koti la mtumba lililomvuka magoti. Agostino aliomba kuja. Kwa upande ule mitumbwi ilikuwa ikifika ambayo haikufika kwetu, na huenda mtu huko alikuwa na habari. Tulilala kwa mwalimu wa kijiji.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Wanawake walikuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwani, juu ya mchanga. Mzee Hyera alikuwa amekwenda kunawa uso. Mimi na Agostino tulikuwa tumeteremka kati ya majabali ya ufukweni, kwa sababu alitaka kuwachora wale waanikaji bila wao kujiweka sawa.

Mlio wa kwanza nilidhani ni bati lililopigwa na jiwe.

Wa pili sikudhani.

Wanawake walikimbia bila kupiga kelele. Hilo lilinishangaza wakati ule, na linanishangaza hata sasa. Usipa ulitawanyika mchangani.

Tulilala kifudifudi nyuma ya jabali. Kupitia ufa niliona njia itokayo mashambani, duka la kijiji, na kona ya nyumba ya mwalimu. Watu wenye bunduki walikuwa wakiingia kwa njia hiyo. Wengine walivaa vipande vya sare, wengine kaptula tu. Mmoja alikuwa na kofia ya kike ya kufuma.

Mzee Hyera alitokea konani. Alikuwa na taulo mkononi. Alipowaona aliinua mikono yote miwili, na koti lake likapanda naye.

Walimpiga risasi hali ameinua mikono.

Sikumsikia akisema neno. Sikuona uso wa aliyempiga. Niliona koti.

Walivunja duka. Walitoa mifuko ya sukari, mafuta, vitenge, redio. Vitu vile ambavyo miaka michache nyuma tulipanga foleni kuvitafuta na sasa vilikuwa vimejaa rafuni. Kisha wakawaleta wabebaji. Hawa hawakuwa na bunduki. Walikuwa wamechoka, wengine hawana viatu, na walitazama chini. Walitwishwa mizigo mmoja baada ya mwingine na kusukumwa njiani.

Wa nne au wa tano alikuwa mwanamke. Alitwishwa mfuko, akauinua mkono wa kushoto kuushika, na kiganja chake hakikuelekea mfuko, kilielekea nje. Aliushikilia kwa mgongo wa mkono.

Agostino alisema jina moja. Alilisema polepole, kama mtu anayesoma. "Rozalina."

Akataka kusimama.

Nilimshika shati nyuma ya shingo nikamlaza chini kwa uzito wangu wote. Ningefanya hivyo tena. Angepiga hatua mbili.

Akatulia. Kisha nikaona mkono wake ukienda shingoni, ukafungua kichupa, ukakikita katika ufa wa jabali. Akachora. Sikuelewa, na kwa kitambo nilimchukia. Halafu nikatazama karatasi. Alikuwa amekwisha kumweka pale: kichwa kilivyoinamia upande mmoja, mfuko, kiganja kilichogeukia nje. Mstari wa mgongo ulikuwa mmoja tu, kutoka shingoni hadi kisigino, na haukukatika.

Mwanamke hakugeuka. Msafara ulipinda nyuma ya migomba, na yeye akapinda nao.

Tulimzika Mzee Hyera siku ileile, na wanakijiji wengine wawili. Agostino alishika jembe pamoja na wanaume. Jioni aliniambia, kama anayetoa taarifa, kwamba mkewe yu hai, na kwamba sasa ana cha kupeleka sokoni.

Hakukipeleka. Tulipofika nyumbani, habari ilikuwa imetutangulia, na haikuwa habari yetu.

Hapa nitaandika kuhusu uvumi, si kwa kuuamini bali kwa sababu niliusikia kwa masikio yangu ukikua, na mtu anaweza kutoa ushahidi wa uvumi kama anavyotoa ushahidi wa moto. Siku zote watu walikuwa wamesema: yule mgeni anachora. Halikuwa na ubaya. Baada ya shambulio, neno hilohilo likaanza kuongezewa mkia. Mama muuza vitumbua aliniuliza kama ni kweli anachora nyumba. Muuza mitumba akaniambia anachora njia. Kabla ya mwisho wa wiki, mlinzi wa mahakama yangu mwenyewe, mtu aliyekuwa akimpa Agostino maji ya kunywa, alininong'oneza: "Mheshimiwa, wanasema anachora ramani." Nikamwuliza nani kaiona. Akasema wameiona wengi. Nikamwuliza wengi ni nani. Akasema hana uhakika, lakini ndivyo ilivyo.

Tazameni urefu wa safari hiyo. Kutoka kuchora mtu hadi kuchora ramani ni neno moja tu, na neno hilo halikusemwa na mtu yeyote aliyeona karatasi.

Kikatumwa kikosi kutoka mbali kuchunguza ilikuwaje wavamizi wajue duka lilipo. Swali hilo lingejibiwa na mtoto, kwani duka lilikuwa na bati jipya na nyumba nyingine zote kijijini ziliezekwa kwa nyasi. Lakini lilihitaji mtu, na mtu alikuwa tayari. Agostino alikamatwa akiwa barazani kwa mahakama, mbele ya wadaawa, huku akimchora bibi aliyekuja kudai mbuzi wake.

Niliitwa ofisini kushuhudia mahojiano. Walikuwamo afisa aliyeongoza kikosi, ambaye jina lake sitaliandika, askari wawili, na katibu wa chama wa pale, ambaye jina lake pia sitaliandika, ingawa ulimi unaniwasha. Afisa hakuwa mtu mkali. Alisema kwa upole, alinipa kiti, na alinitaja kwa cheo changu. Alikuwa ametoka mkoa wa tambarare, na hilo si kosa. Alikunjua daftari mezani, akapitisha kurasa za watu kama mtu anayetafuta ukurasa anaoujua. Alipofika kwenye karatasi ya Mbuji akasimama.

"Haya ni nini?"

"Ngolo," alisema Agostino.

"Ngolo ni nini?"

"Ni shamba, mkuu."

Afisa alitabasamu. "Mimi nimelelewa na jembe. Shamba halina mahandaki. Tazama: shimo, ukingo, shimo, ukingo, safu kumi na kitu, mpaka kileleni. Hapa kilima kimeandaliwa kwa vita. Kiko wapi?"

Nilisimama. Nilimweleza ngolo ni nini, kama nilivyomweleza msomaji. Nilimwambia kwamba kilima hicho ni cha ukoo wangu, kwamba mwanamke aliyeinama ni dada yangu wa tumbo moja, na kwamba nilikuwapo mistari ile ilipochorwa. Nikamwonyesha jembe mkononi mwa dada yangu.

"Na handaki huchimbwa na nini, Mheshimiwa?" aliuliza. "Si jembe?"

Nikamwomba tupande lori twende Mbuji. Ni safari ya siku moja. Angesimama pale, akatazama, akaniita mwongo hadharani endapo nimemdanganya. Akasema hana muda wa kwenda kutazama mashimo.

Ndipo nikamgeukia katibu. Katibu yule ni Mmatengo. Alizaliwa Mbuji, kilima cha pili kutoka chetu. Ngolo za mama yake nilikuwa nikizikatiza kila asubuhi nikienda shule, na yeye mwenyewe nilimwona kwa macho yangu akilaza majani humo, kaptula ikiwa imempasuka. Nilimwambia: "Ndugu Katibu, wewe umekulia ndani ya mashimo haya. Mwambie mkuu ni nini."

Alitazama karatasi kwa muda mrefu. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema:

"Mheshimiwa, inawezekana ni ngolo. Na inawezekana si ngolo."

Nimewahi kusikia uongo mwingi chini ya kiapo. Uongo una heshima yake: anayeusema amejifunga nao, na ukigunduliwa anafungwa. Neno lile halikumfunga msemaji popote. Kwa nini alilisema sijui. Nimesikia kwamba ndiye aliyepeleka taarifa ya kwanza, nimesikia pia kwamba alimwogopa afisa. Yote ni ya kusikia, na sikuingia moyoni mwake. Ninachojua ni kwamba alikuwa na uwezo wa kuumaliza ubishi kwa neno la kijijini kwao, neno ambalo kila mtoto wa kwetu analo, na hakulitoa.

"Umesikia," alisema afisa, na akafungua ukurasa wa mwisho. "Na huyu?"

"Mke wangu."

"Amebeba nini?"

"Sukari ya duka. Walimtwisha."

"Kwa hiyo mke wako yumo kwenye kundi lao."

"Wamemteka, mkuu."

"Na wewe ulikuwa umekaa, unamchora?"

Agostino alifikiri kabla ya kujibu, kama alivyofikiri siku zote. "Ningepiga kelele angekufa," alisema. "Nilikuwa na kalamu tu."

Afisa aliandika. Nilikuwa karibu, na ninasoma vizuri hata kichwa chini miguu juu. Aliandika: *Amekiri mkewe ni mmoja wao.*

Nilikataa kutia sahihi. Nilisema wazi, mbele ya wote, kwamba hakukiri jambo hilo, na kwamba katika chumba kile mashahidi wa macho walikuwa wawili tu, mimi na mshtakiwa, na sote wawili tumesema lilelile. Afisa alinishukuru kwa msaada wangu. Katika nafasi ya sahihi yangu alitia sahihi katibu.

Agostino hakuomba kuachiliwa. Aliomba karatasi moja tu, ile ya mwisho. Alisema wachukue nyingine zote, wamwachie hiyo, au wanipe mimi niionyeshe sokoni, ili mtu akimwona Rozalina amtambue. Afisa akasema kielelezo hakigawanywi. Alilifunga daftari, akalitia mkobani, na mkoba ukatangulia kwenda garini.

Niliondoka wiki hiyohiyo kwenda Songea kumfuatilia, na nilikwenda tena, na tena. Niliulizia katika ofisi nyingi. Majibu niliyopewa sitayaandika hapa, kwa sababu kila aliyenijibu alianza na neno "nasikia".

Vita vya ng'ambo vikaisha. Wakimbizi wengi walirudi kwao. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda milimani na mizani zao, watu wakapata mambo mengine ya kuzungumza, na mimi nikakaribia kustaafu. Asubuhi moja nikiwa barazani kwa mahakama nilimwona mwanamke akija kwa njia ya ufukweni, peke yake, amejitwisha furushi. Alikuwa amekonda na nywele zimeanza mvi. Kichwa kiliinamia upande mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa juu, na kiganja kimegeukia nje.

Sikuwa na haja ya kuuliza jina, lakini niliuliza, kama inavyopasa. Alisema anaitwa Rozalina. Aliniamkia, akatua furushi, akaketi juu ya ngazi. Vidole vyake viwili vya mkono ule vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki. Alisema aliungua alipokuwa msichana. Katika kijiji cha mpakani alikuwa ameambiwa kwamba alikuwapo mtu aliyechora watu, na kwamba hakimu alimfahamu.

Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa. Nilimwambia kwamba mume wake alimwona siku ile kutoka kwenye majabali, na kwamba alimchora. Kisha akaniuliza karatasi iko wapi, nikamwambia. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Njiani wameniambia amezikwa Songea," alisema. "Wengine wameniambia yuko Dar es Salaam, anawauzia Wazungu picha. Wewe, Baba Hakimu, unasemaje? Yu hai?"

Palikuwa na watu barazani, na nilijua kila mmoja wao alikuwa na jibu la kumpa, zuri au baya. Niliwatazama, wakanyamaza.

"Sijui, mama," nilisema.

"Basi nipe unachokijua."

Nikampa. Baadaye akaomba nirudie, nikarudia vilevile bila kuongeza neno, na ndivyo ninavyokiweka hapa.

Siku ile ya mahojiano Agostino alitoka ofisini kwa miguu yake. Mikono ilikuwa imefungwa kwa mbele, kwa kamba ya katani. Hakuwa amepigwa, uso wake ulikuwa mzima. Alipandishwa nyuma ya lori akakalishwa kwenye ubao, amewapa askari ubavu, ametazama barabara. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na wino ambao ulikuwa haujafutika. Lori lilipowashwa niliona kidole kile kikianza kwenda juu ya goti lake, taratibu, kikishuka, kikipinda, kikiinuka, kikianza upya. Nikageuka kutazama alikotazama. Kando ya njia alikuwa amesimama mwanamke mwenye kapu la mihogo kichwani, akisubiri lori lipite. Nilipomrudia Agostino, kidole kilikuwa kingali kinakwenda. Hapo lori likakata kona.